Naomba ushauri: mtego unajaa nzi, maembe bado yana funza

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Mingoyo, Lindi, nina miembe 14 ya dodo iliyochanganyika na mikorosho.

Msimu uliopita afisa ugani wetu alinipa mitego miwili ya nzi wa matunda, wale wageni kutoka Asia walioonekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Ni kopo la plastiki lenye matundu, ndani kuna kipande kilicholowa kivutio. Wiki ya kwanza tu nzi walijaa hadi robo ya kopo, wa kahawia, mistari ya njano mgongoni. Nikafurahi sana. Lakini embe nililompasulia mwanangu lilikuwa bichi kwa nje, ndani maji matupu na funza wanarukaruka. Niliumia.

Baadaye nikaelewa kwamba kivutio kile (methili yujino) huita madume peke yao. Majike yanaendelea kutaga chini ya ganda. Kumbe mtego wa namna hiyo unasaidia zaidi kujua nzi wameingia lini na ni wengi kiasi gani.

Sasa naomba kwa wenye uzoefu: mitego mingapi kwa eka ili madume yapungue kweli? Chambo cha protini cha kuvuta majike mnakipata wapi huku Kusini? Maembe yaliyoanguka nayafukia shimo la nusu mita, yatosha? Na majimoto wangu (wale chungu wekundu wa mitini) wanaolinda miembe, salfa (dawa ya ukungu) ya mikorosho haiwafukuzi? Maua yameshaanza kuchanua, nawasubiri.