Naomba ushauri: nianze na filamu ipi ya Buster Keaton?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha vijana wa kikundi cha maigizo, na nataka wajifunze kwa Buster Keaton, Mmarekani wa enzi za filamu bubu aliyeigiza na kuongoza. Niliwaonyesha kipande cha Steamboat Bill, Jr. (1928): ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, anapona kwa sababu amesimama palepale penye uwazi wa dirisha, na uso wake haubadiliki hata kidogo. Walishangilia mno! Lakini nilipoweka The General (1926) nzima, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, wengi walichoka mapema. Je, nianze na fupi kama One Week (1920)? Na muziki niuache, au wapige ngoma wenyewe?