Tupeane uzoefu: kasuku katoka kupasuliwa, mnamuuguzaje nyumbani?

Mwana wa Ndoro
Wakuu, habari za jioni. Kasuku wetu wa kijivu kafanyiwa upasuaji Dar, uvimbe wa mafuta kifuani. Daktari kasema ni alizeti, alizeti, alizeti miaka yote. Tumesharudi naye Lindi. Dawa ninazo, maelekezo ninayo, ila ndege kanuna, kajikunyata kona ya tundu, manyoya kayatutumua, na usiku nimemfuma anadonoa nyuzi. Huku kwetu bwana mifugo ni wa ng'ombe, mbuzi na chanjo ya kideri. Mliopitia haya njooni.

Kuchele Original
Nimekaa pale, nasubiri madini.

Mama Ligula
Pole mwanangu. Akitutumua manyoya ujue anasikia baridi au maumivu. Joto kwanza, chakula baadaye. Funika nusu ya tundu kwa khanga, balbu iwe upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee mwenyewe. Digrii 27 hadi 30 zinatosha. Fito ya kutua ishushe karibu na sakafu, maana akitoka kwenye nusu kaputi miguu haina nguvu, akidondoka nyuzi zinaachia. Chini tandika gazeti, siyo mchanga, ukione choo chake. Choo cha kawaida kina kijani, cheupe na maji. Kikija cheusi kama lami, hiyo ni damu ya ndani, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Mwana wa Ndoro
Asante mama, shikamoo. Na nyuzi?

Fundi wa Mikindani
Kola. Mimi nilikata ile filamu ya eksirei ya mzee, nikaipinda kama faneli, kingo nikazizungushia plasta laini isimkate shingo. Siku ya kwanza alitembea kinyumenyume akidhani ataivua kwa kurudi nyuma, akagonga ukuta, akanitukana. Ya pili akazoea. Hakikisha tu anafikia maji na chakula.

Jirani wa Bandari
Usimfunge kola bila daktari kusema! Wangu alipagawa mpaka akawa hali. Tulivua, tukamjazia vitu vya kuchana: makuti, maboksi, maganda ya mahindi. Mdomo ukiwa na kazi unasahau nyuzi.

Fundi wa Mikindani
Wako alikuwa na jeraha gani?

Jirani wa Bandari
Ukucha.

Fundi wa Mikindani
Sasa ukucha na kifua ni kesi moja, mkuu? 😂

Mzee wa Korosho
Mpe parachichi, lina mafuta mazuri, atanenepa wiki moja.

Mama Ligula
WEWE! Parachichi ni sumu kwa kasuku, linaua moyo. Chokoleti, kahawa na vitunguu ni hivyohivyo. Futeni hiyo komenti kuna mtu ataisoma juujuu.

Mzee wa Korosho
Mbona kunguru wanakula.

Mama Ligula
Basi kamuuguze kunguru.

Binti Newala
Mnaoishi karibu na mashamba ya korosho nisikilizeni. Mwaka wangu wa majanga ndege katoka kupasuliwa bawa, mwezi wa saba, majirani wako shambani na mashine wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi la njano mpaka kwenye mashuka. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu, yana mifuko ya hewa mpaka tumboni, kwa hiyo sumu inamfikia upesi. Akaanza kupumua huku mkia unapanda na kushuka, ndiyo dalili yenyewe. Tulimhamishia chumba cha ndani, tukaziba dirisha kwa taulo mbichi, na jirani akakubali kupuliza alfajiri upepo ukiwa umelala. Msimu wa kubangua nao vilevile, moshi wa maganda ya korosho ni mkali. Na kikaango kisichogandisha kikiungua jikoni, mvuke wake unaua ndege dakika chache tu, hata asiyeumwa.

Kuchele Original
Hayo ndiyo madini sasa.

Dada wa Somanga
Ngoja niwape ya kwangu. Mei 2024 nimetoka Dar na kasuku wa marehemu mama, katolewa yai lililokwama tumboni. Alikuwa hajapata chokaa ya kutosha, yaani kalsiamu, kumbe kasuku wa kijivu wanaishiwa chokaa kirahisi. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika Somanga, mabasi yamepanga foleni, mvua inanyesha, na mimi nina boksi lenye mgonjwa mapajani. Chupa ya maji ya moto imepoa. Nikamwendea mama ntilie, nikamweleza nina mgonjwa, akanichemshia maji, hela akakataa. Aliporudi na chupa akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikafunua khanga. Yule mama aliniangalia hadi nikaona haya.

Usiku ukawa mrefu. Abiria mmoja akaanza kusema ndege anayekaa kimya hivyo ana jini, ndiye aliyetukatia barabara, watu wakaanza kugeuka kuniangalia. Nilikuwa namdondoshea maji ya glukosi kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo, tone moja, anameza, tone jingine. Konda kapanda kuhesabu abiria. Basi lote kimya. Boksi likasema kwa sauti ya marehemu mama yangu, wazi kabisa: «Wewe, nauli umelipa?»

Yule wa jini alishuka dirishani.

Kuchele Original
NIMEKUFA 😂😂😂 dirishani?!

Fundi wa Mikindani
Mama alikuwa na biashara ya daladala?

Dada wa Somanga
Alikuwa na kiduka stendi ya Mtwara, madeni yote aliyadai kwa sauti hiyohiyo.

Jirani wa Bandari
Konda alilipa? 😂

Mwana wa Ndoro
Jamani, nyuzi zangu.

Mwanasheria wa Kijiwe
Hivi mna vibali nyie? Kuna sheria ya wanyamapori ya 2009. Na kasuku wa kijivu mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wa Johannesburg 2016 ulimpandisha Kiambatisho cha Kwanza, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku.

Mzee wa Korosho
Watu wanakosa panadol, nyie mnapasua ndege kwa laki kadhaa.

Binti Newala
Mzee, hela ni yake. Juzi umemtibu ng'ombe, mbona hatukukuuliza?

Mzee wa Korosho
Ng'ombe namla.

Mama Ligula
Swali la kibali ni la haki, mtoa mada karatasi zako ziweke sawa. Ila panadol isikaribie hilo tundu, dawa ya maumivu ni ile ya daktari kwa kipimo chake, na antibayotiki zimalizwe hata akichangamka. Nyuzi kwa kawaida siku 10 hadi 14, kama siyo zinazoyeyuka zenyewe. Mpime uzito kila asubuhi kabla hajala. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 500 hivi, akipungua sehemu moja ya kumi usisubiri kesho. Ndege anaficha ugonjwa mpaka nguvu ziishe. Na alizeti zipunguze polepole, ukizikata ghafla atagoma kula kabisa.

Fundi wa Mikindani
Mchanganyie choroko za kuchemsha, boga, papai, mchicha. Karanga zenye ukungu usithubutu.

Mwana wa Ndoro
Mrejesho: nimeshusha fito, balbu inawaka, kakubali boga kutoka mkononi mwa mke wangu, mimi kaning'ata. Daktari kwa simu kasema kola ivaliwe usiku tu. Mwenye mzani mdogo wa gramu hapa Lindi mjini, hata wa sonara, naomba kuazima.

Kuchele Original
Dada wa Somanga, huyo kasuku bado yupo? Nina mpangaji hajalipa tangu Ramadhani.