MREJESHO: Kwenye gofu nimeachana na wudi namba 3, nimechukua namba 5

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza ninunue wudi gani (fimbo ya gofu ya kichwa kinene, ya mipira ya mbali) ya kupigia kwenye feawei, yaani ile njia ya nyasi fupi, maana namba 3 yangu ya digrii 15 (ulalo wa uso wa fimbo; zikizidi, mpira unapaa zaidi) ilikuwa hainyanyui mpira kutoka kwenye nyasi. Unatambaa tu kama nyoka.

Asanteni sana, hasa mliosema nisinunue kwa macho. Niliazima namba 5 (digrii 18) na namba 7 (digrii 21) kwa wenzangu pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar, nikapiga mipira 20 kwa kila fimbo. Namba 3 ilinipa mikwaju minne ya maana. Namba 5 kumi na tatu, na umbali ilioachwa na namba 3 ni kama yadi 8 tu! Namba 7 ilipaa vizuri mno, ila upepo wa mchana ukawa unauchezea mpira.

Nikachukua namba 5 iliyotumika, yenye mpini laini, unaopinda kirahisi. Aliyenikataza mpini mgumu alikuwa sahihi: swingi yangu, yaani ninavyozungusha fimbo, ni ya taratibu, ule mgumu ulinipelekea mpira kulia kila mara.

Haikuisha yote. Kwenye nyasi ndefu bado naboronga, huko natoka na aironi 8 (fimbo fupi ya kichwa chembamba cha chuma), kiburi nimeweka pembeni. Na yule aliyesema nianze na kocha kabla ya fimbo nilimpuuza. Nimeanza masomo wiki iliyopita, kumbe mpira nilikuwa nauweka mbele mno.

Namba 3 ipo nyuma ya mlango, mke wangu anafukuzia nayo kunguru.