Sebule: rangi moja hadi dari, chokaa, au mbao nyuma ya TV?

Kijani_Kibichi: Wakuu, fundi anaingia wiki ijayo na bado sijaamua. Nimebaki na matatu: kuta, dari na hata fremu za milango zote rangi moja ya kahawia kama inavyotamba mitandaoni, au chokaa, ule mwonekano wa mawingu mawingu, au zile mbao nyembamba za kusimama nyuma ya TV. Kipi hakitapitwa mapema?

fundi_msasa: Mkuu, umeuliza nusu. Chumba kina madirisha mangapi? Ukuta sasa hivi una rangi ya maji au ya mafuta? Nyumba yako au umepanga?

Bi_Mapazia: Mimi ni kahawia, sibadiliki. Pantone, ile kampuni ya rangi, waliitangaza Mocha Mousse, kahawia, kuwa rangi ya mwaka 2025.

Tetesi: Na ya 2026 wakatangaza Cloud Dancer, nyeupe! Sasa akimaliza kupaka kahawia hadi dari aanze upya? Hao kila mwaka lazima waseme kitu.

fundi_msasa: Kuhusu chokaa: ile halisi inataka ukuta unaonyonya. Inakomaa kwa kuvuta kabonidayoksaidi hewani. Ukiipaka juu ya rangi ya kawaida bila praima yake, yaani rangi ya chini ya kushikisha, ukiegemea unaondoka na unga mgongoni. Na yale mawingu hayaji kwa rola. Ni brashi pana, mkono unapishanisha huku na huku.

Upepo: Mbao usiguse kabla hujajua nyuma ya ukuta kuna nini. Kwangu upande wa pili ni bafu. Fundi akapaka gundi, akabandika moja kwa moja ukutani. Nikamuuliza mbona hakuna fito za kuachia hewa ipite, akanijibu, “Tulia mama, hii kazi naijua.” Mwanzoni raha, wageni wanasifu. Ikaja harufu. Tukasogeza makochi, tukafua zulia, tukamsingizia mtoto kamwaga maziwa. Harufu ipo palepale. Siku moja kipande kikajikunja pembeni, nikakivuta kwa kidole: kuvu nyeusi toka sakafuni hadi usawa wa kiuno, ubao umevimba unamenyeka. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja polepole. Kubandua, plasta ikaja nayo. Fundi hapokei simu mpaka leo.

fundi_msasa: Pole dada, ila hapo mwenye kosa ni bomba.

Upepo: Bomba lilivuja, sawa. Lakini ukuta wa rangi ungetoa doa mapema. Mbao zilificha.

Kijani_Kibichi: Samahani, nilikuwa kazini. Nyumba ni yangu. Dirisha moja tu. Ukuta una rangi ya mafuta.

fundi_msasa: Rangi ya mafuta! Na ulikuwa umekaa kimya. Hapo hata rangi ya maji itabanduka kama hujapiga msasa ukaweka praima. Chokaa ndiyo usahau kabisa, labda ukwangue mpaka plasta.

Tetesi: Dirisha moja na kahawia hadi dari? Pango hilo.

Bi_Mapazia: Wala. Rangi ikiwa moja, huoni ukuta unaishia wapi na dari inaanzia wapi, chumba hakibanwi. Chagua isiyong'aa tu, inayong'aa inaonyesha kila bonde la plasta.

Tetesi: Basi abadili taa. Kahawia chini ya taa nyeupe ya kelvini 6500 inageuka tope. Aweke ya manjano, 2700.

Upepo: 2700 giza, mimi hata kusoma siwezi.

Tetesi: Kelvini ni rangi ya mwanga, dada. Ukali wake unaangalia lumeni. Nunua yenye lumeni nyingi.

Upepo: Nilinunua. Bado giza.

fundi_msasa: Kivuli cha taa cha rangi gani?

Upepo: Cha ukili, kizito hivi.

fundi_msasa: 😂 Haya.

Bi_Mapazia: Turudi kwa mwenye uzi. TV yenyewe inchi ngapi? Inakaa ukuta unaotazama dirisha au wa pembeni?

Kijani_Kibichi: TV sijanunua bado.

Tetesi: Kumbe! Kabla ya yote, unakaa umbali gani na ukuta?