Nimeghairi kununua gari aina ya IST, yadi wamegoma kurudisha advansi yangu. Naanzia wapi?

TegetaKwetu:
Wakuu habari za humu, naombeni mawazo maana kichwa kimeshajaa. Nilikuwa natafuta gari ya kupeleka watoto shule na kubebea mzigo wangu wa biashara kutoka Kariakoo, dalali akanipeleka yadi moja ya kuuza magari Kinondoni (jina siliweki), nikakuta Toyota IST namba D, rangi ya fedha, ndani safi, ac inapuliza vizuri, wanaanzia milioni 11 na laki 8 tukashuka mpaka milioni 11. Jamaa akasema kuna mteja mwingine anakuja na hela jioni kwaiyo kama naitaka kweli nitoe kishika uchumba, yaani advansi ya kuishikilia. Nikamtumia milioni 1 na nusu kwa simu, akaniandikia risiti ya kitabu yenye muhuri wa yadi, imeandikwa advansi ya IST, namba ya gari na salio nilipe ndani ya wiki mbili. Chini kabisa kuna maneno madogo ya kuchapwa, "pesa ikishapokelewa hairudishwi".

Kabla sijatuma hela nilimuuliza WhatsApp kama gari imewahi kugongwa, akanijibu kwa voisi "dada hii gari haijawahi hata kukwaruzwa, mtu wake ni mmoja tu toka imeingia nchini". Voisi ninayo mpaka sasa.

Juzi nimeenda na fundi aikague kabla sijamalizia hela. Akafungua buti, akanyanyua kapeti akatoa na tairi ya akiba, bati la chini lote limechomelewa, limepigwa rangi nyeusi kuficha, halafu ile gundi ya kwenye maungio upande wa kushoto imenyooka kama ilivyotoka kiwandani ila upande wa kulia imepakwa kwa kidole yani mpaka michirizi unaiona. Fundi kaniambia dada hii ilipigwa nyuma ikapigika kweli. Nikamwambia jamaa wa yadi siitaki tena naomba hela yangu, akanionesha yale maneno ya chini ya risiti na kusema amefukuza wateja kwa ajili yangu. Mdogo wangu anasema niende polisi wamkamate. Hela yenyewe ni ya mtaji, sio ya kuachia hivi hivi. Nifanyeje?

SpanaKumi:
Pole sana dada. Fundi wako anajua kazi, wengi wanaishia kufungua boneti na kusikiliza injini wakati siri za gari iliyogongwa ziko kwenye buti na kwenye bolti za milango na mabawa, ukiona rangi ya bolti imekwanguka ujue kuna spana ilipita hapo. Ila cha haraka kuliko vyote sasa hivi ni PICHA. Kama hukupiga rudi na huyo huyo fundi hata kwa kisingizio cha kuiangalia tena, piga buti lote, piga upande wa kushoto na wa kulia, na picha moja namba ya gari ionekane. Fundi akuandikie karatasi, alichokiona, tarehe, jina lake, namba ya simu na sahihi. Hiyo gari ikiuzwa kesho ushahidi umeondoka nayo na utabaki unabishana kwa mdomo.

MzeeWaYadi:
Mimi niko kwenye hii biashara kwaiyo niseme upande wetu pia, maana humu wenye yadi huwa tunatukanwa wote kwa pamoja. Advansi ina maana yake. Mtu akinipa hela mimi naitoa gari sokoni, kwenye mitandao naandika imeuzwa, wateja wanahamia kwa jirani, halafu baada ya wiki ananiambia shemeji yake kampatia gari nyingine, Premio. Huyo lazima nimkate, na namwambia toka mwanzo namkata kiasi gani. Lakini gari yenye kasoro iliyofichwa, tena umeulizwa ukasema haipo, hapo unarudisha hela yote na unaomba radhi, yadi yoyote inayojiheshimu inafanya hivyo maana huyo mteja ana ndugu na majirani.

Kitu kingine ambacho wateja hamkijui, mara nyingi advansi ikiingia dalali anachukua chake palepale, na mwenye gari nae anaomba apozwe kidogo. Kwaiyo jamaa anaposema hairudishwi mara nyingi ni kwamba hela haipo tena mkononi. Usikubali akurushe kwa mwenye gari wala kwa dalali. Risiti ina muhuri wa yadi, hela imeingia kwenye simu yake, unaemdai ni yeye, hao wengine atajuana nao mwenyewe.

KifunguKwaKifungu:
Dada TegetaKwetu, tulia, una kesi nzuri kuliko unavyodhani. Yale maneno ya "hairudishwi" yanatisha kwa macho ila hayamlindi mtu aliyepata hela kwa kusema uongo. Sheria ya Mikataba Sura ya 345, kuanzia kifungu cha 17 mpaka 19, inasema ridhaa yako ikipatikana kwa udanganyifu au kwa kuelezwa kitu kisicho kweli una haki ya kuukataa huo mkataba. Ukiukataa kihalali kila mtu anarudisha alichopokea, yeye gari anayo tayari, kilichobaki ni milioni 1 na nusu yako.

Jiandae na utetezi wao mmoja, watasema ungekagua kwanza ndo utoe hela. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wangenyamaza tu au kama alichokwambia alikiamini mwenyewe kwa nia njema. Wewe uliuliza swali la moja kwa moja ukajibiwa uongo wa moja kwa moja na mtu anayeijua gari, na sauti yake ipo. Ndo maana voisi ina thamani kuliko hata hiyo risiti. Usiifute, usibadilishe simu bila kuihamisha, na ujumbe wako wa kuuliza uwe unaonekana juu yake. Toka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ushahidi wa kwenye simu hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Kuhusu polisi, mwambie mdogo wako asubiri. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai kweli, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ila ukienda kituoni na gari ambayo ipo na yadi ambayo ipo watakwambia hii ni madai nenda mahakamani, na huko ukianza kutishia jela utamfanya jamaa azime simu. Anza na barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha, tarehe uliyolipa, kiasi, ulichouliza, alichojibu, alichokikuta fundi, unataka nini na ndani ya siku ngapi, weka 7 au 14. Mpelekee mkononi asaini nakala yako, akikataa kusaini mtumie WhatsApp ibaki na tiki zake. Nakala nyingine kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa yadi ilipo, hawa wanasuluhisha mengi bila gharama.

Siku zikipita kimya nenda Mahakama ya Mwanzo. Madai ya fedha yanapokelewa mpaka milioni 30, kiasi chako kinaingia vizuri, unaeleza kwa Kiswahili mwenyewe na huhitaji wakili. Pia Tume ya Ushindani (FCC) inapokea malalamiko ya walaji, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kabisa kumdanganya mteja kuhusu hali ya bidhaa.

BadoNajipanga:
Wakuu samahani naingilia. Mimi gari haina shida yoyote, nilitoa laki 8 nikitegemea mkopo na mkopo umekataliwa. Nami nitarudishiwa?

KifunguKwaKifungu:
Kwako ni pagumu zaidi mkuu na sitakudanganya. Wewe ndo umeshindwa kutimiza makubaliano kwaiyo muuzaji ana haki ya kufidiwa, na kama hela ilitolewa ya kushikilia gari kabisa anaweza kuizuia. Ila kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo kinasema hata mkiwa mmeandika kiasi cha faini anachostahili ni fidia ya haki isiyozidi hicho kiasi. Kwaiyo kama gari imekaa siku chache na bado inauzika kwa bei ileile, nenda kaongee, mwoneshe barua ya benki, omba akate gharama zake akupe inayobaki. Na nenda mapema, kila wiki unayokaa kimya unampa sababu ya kukata zaidi.

Nyali_Bridge:
Huku kwetu Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016, inachukua kesi mpaka shilingi milioni moja za Kenya na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Binamu yangu aliitumia kwa deni la vifaa vya ujenzi na alisimama mwenyewe bila wakili. Dadangu peleka hiyo barua, watu hulipa wakiona umeandika.

TegetaKwetu:
Nimerudi wakuu, asanteni sana, mmenisaidia mno. Nilirudi na fundi tukapiga picha zote, fundi kaandika na kusaini. Barua nikaandika kama alivyoelekeza Kifungu, jamaa akakataa kusaini nikamtumia WhatsApp pamoja na voisi yake mwenyewe, nakala nikampa mwenyekiti. Mwenyekiti kamwita ofisini, alipowekewa ile voisi mbele ya watu hakubisha tena. Amekubali kunipa milioni 1 kesho na laki 5 mwisho wa mwezi, anasema dalali alishachukua laki 3. Ila anataka nikipokea hiyo milioni nisaini karatasi kwamba sina madai nae. Nisaini?

MzeeWaYadi:
Usisaini hiyo! Laki 5 utaisahau.

KifunguKwaKifungu:
Usisaini hiyo karatasi yake, andika ya kwako. "Nimepokea shilingi 1,000,000 kati ya 1,500,000, salio 500,000 litalipwa tarehe fulani", msaini wote wawili na mwenyekiti agonge muhuri. Risiti ya mwanzo ibaki kwako, mpe nakala tu akiitaka. Hayo ya kutokuwa na madai utayasaini siku laki 5 ikisoma kwenye simu yako.