Mafunzo ya lazima ya kuzuia ukatili wa kingono vyuoni: tupeane uzoefu, huwa yanaharibikia wapi?

Mwezeshaji_Zamu (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Kila mwaka wa masomo ukianza, ratiba ya wanafunzi wapya inakuwa na kipindi kimoja ambacho wote wanakisaini na wachache wanakisikiliza. Uzi huu ni wa wanaoyaandaa mafunzo haya, wanaoyafundisha, na wale wa ofisi za ushauri wanaopokea kesi baadaye. Leteni yanayotokea ukumbini. Sera tunazo, zimejaa kabati.

Naanza na moduli ya mtandaoni. Ukiweka slaidi 40 na maswali 10 yasiyobadilika, majibu yatakuwa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla jua halijazama. Mtu anabonyeza "endelea" huku anaangalia mpira, mwisho anatoa cheti. Dawa si kuirefusha. Tengeneza benki ya maswali kama 60, mfumo umchagulie kila mmoja 12 yake, na yawe ya visa: fulani kanywa, fulani kanyamaza, rafiki anaona, afanye nini? Akikosea aelezwe kwa nini, kisha apewe kisa kingine cha aina ileile. Ikizidi dakika 45 unafundisha vidole, si vichwa.

Kalamu_Nyekundu
Hapo kwenye cheti umegonga penyewe. Uongozi unataka namba moja tu, asilimia ya waliomaliza. Wakipata 97% wanapiga makofi. Miezi mitatu baadaye taarifa za unyanyasaji zikiongezeka wanasema mafunzo yameshindwa, wakati kuongezeka kwa taarifa mwanzoni ni dalili kwamba watu wamejua pa kwenda.

Bwana_Vifungu
Niweke sawa jambo moja maana humu linachanganywa kila mara. "Lazima" ina maana mbili. Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 2013 yanakilazimisha chuo kutoa elimu ya kinga kwa wanafunzi na wafanyakazi wapya wote. Kisheria mzigo ni wa chuo. Hayamwambii mwanafunzi kwamba asipohudhuria amevunja sheria. Kumbana mwanafunzi ni uamuzi wa chuo au wa jimbo. New York, kwa sheria yake ya 2015, iliwabana viongozi wa vyama vya wanafunzi na wanamichezo. Uingereza wamekaza zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2025 msimamizi wa vyuo vikuu vya England anataka mafunzo yawe ya lazima kwa wanafunzi wenyewe.

Kwa hiyo mkisema "mbona sisi hatuna", semeni kwanza mnataka mzigo akae nao nani.

Mtaalamu_Mifumo
Mzigo akae nao asiyemaliza, basi. Mfungie usajili wa masomo ya muhula unaofuata mpaka amalize, uone kama hawajapanga foleni.

Dada_Ushauri
Kaka Mifumo, subiri kidogo. Katika waliofungiwa usajili kuna manusura ambaye hawezi kukaa dakika 45 akisoma kilichompata yeye. Ukifunga bila kuacha mlango wa pembeni unamwadhibu mara ya pili. Weka kiungo cha "naomba njia mbadala" kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kisidai sababu wala cheti cha daktari. Akibonyeza anaandikiwa "amekamilisha" na anatumiwa karatasi ya huduma zilizopo. Na anayepokea ombi asiwe mhadhiri wa idara yake.

Mtaalamu_Mifumo
Sasa si watabonyeza wote hicho kiungo, dada yangu?

Dada_Ushauri
Wabonyeze. Mvivu mmoja aliyepita bure ni nafuu kuliko manusura mmoja aliyeacha chuo.

Chaki_na_Ubao
Mmenikumbusha ule mtindo wa ukumbini, na naomba niseme kwa urefu maana ndipo panapoumiza watu hasa.

Picha yake ni hii. Ukumbi una watu 600, spika zinakoroma, saa nane mchana. Mwezeshaji anaona watu wanasinzia, anataka kuchangamsha, anauliza kwenye maiki: "Nani hapa amewahi kuguswa bila ridhaa yake? Nyoosheni mikono tuone." Kimya. Mkono mmoja unapanda nusu, safu ya saba, unashuka. Wa nyuma wanageuka. Simu tatu nne ziko juu tayari. Na mwezeshaji, badala ya kusonga mbele, anamfuata na maiki: "Ndiyo dada, tuambie, usiogope." Binti anasimama, anaanza kueleza, sauti inakatika, kisha analitaja jina. Mwenye jina yumo humohumo ukumbini, safu mbili nyuma yake. Jioni kipande cha sekunde 20 kiko kwenye kila grupu la chuo.

Swali lile lisiulizwe kabisa, hata kwa kufumba macho, hata kwa vikaratasi vinavyokusanywa na mwanafunzi mwenzao. Lakini mtu anaweza kufunguka mwenyewe bila kuulizwa, na hapo ndipo wawezeshaji wengi hugandia. Mkatize kwa upole kabla hajafika kwenye jina: "Asante kwa kutuamini. Hili ni zito, nataka lipate nafasi yake. Mwenzangu huyu atakaa nawe, sasa hivi au tukimaliza, chagua wewe." Mwenzako anatoka naye. Wewe unayebaki usichambue kisa chake, usiseme "mnaona mambo haya?" Toa mapumziko ya dakika tano, rudi na kisa cha kutunga, endelea. Siku hiyohiyo mwenzako aandike maneno aliyoyasikia kama yalivyo, bila maoni, kwa ridhaa ya mwenyewe. Na aliyetajwa asihojiwe na wawezeshaji. Hiyo si kazi yenu, mtaharibu uchunguzi.

Jongoo_wa_Hosteli
Mungu wangu. Halafu?

Kalamu_Nyekundu
Huyo mwezeshaji alichukuliwa hatua gani? Na yule mwenye jina?

Jongoo_wa_Hosteli
Chaki usituache hapa, binti aliendelea na masomo?

Chaki_na_Ubao
Jamani, nimeeleza namna linavyotokea. Si chuo kimoja wala binti mmoja. Mnatafuta mwisho wa tamthilia wakati swali ni kwa nini mwezeshaji alikuwa peke yake.

Mwezeshaji_Zamu
Turudi kwenye mstari, wakuu. Chaki yuko sahihi: kundi lisizidi watu 25 hivi, wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanamume. Mahudhurio yasainiwe mlangoni wakati wa kuingia, kusudi anayetoka katikati asijulikane kwa kukosa saini. Mlango usifungwe. Mshauri nasaha akae karibu na mlango, nyuma, siyo meza kuu.

Dada_Ushauri
Na huyo binti asimweleze mtu yeyote kabla hajaambiwa siri yake itafika wapi. Sema mwanzo wa kipindi, taratibu, na majina ya ofisi: huyu anatunza siri, huyu akisikia analazimika kuripoti. Wanafunzi wanadhani kila mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni anatunza siri. Wewe mwenyewe ukiwa wa kundi la pili, usiahidi "itabaki kati yetu".

Mzee_Busara
Naomba kuuliza bila matusi. Kwa nini wavulana na mabinti wachanganywe? Mabinti hawasemi, wavulana wanafanya utani. Tenganisheni.

Chaki_na_Ubao
Mzee, shikamoo. Ukitenganisha, wavulana wanatoka wakiamini wameitwa kama watuhumiwa. Na wavulana pia hufanyiwa. Hawatasema mbele ya wenzao.

Dada_Ushauri
Shikamoo Mzee. Inategemea unafundisha nini. Kipindi cha shahidi, yaani anayeona mwenzake akifanyiwa, afanye nini, changanya. Kipindi cha kujihami, tenganisha. Kuna programu ya Canada iliyochapishwa mwaka 2015, ya wanawake wa mwaka wa kwanza pekee: saa 12, vipindi vinne vya saa tatu tatu. Walijifunza kusoma dalili za hatari kwa mtu wanayemfahamu, kushinda ile aibu ya "nitaonekana nimekosa adabu", kujihami kwa maneno na kwa mwili, na kujua wao wenyewe wanataka nini. Baada ya mwaka waliobakwa walikuwa 5.2%, kwa waliopewa vipeperushi tu 9.8%. Saa 12, sisemi dakika 45.

Kalamu_Nyekundu
Hapo sikubaliani. Kumfundisha binti kujihami ni kumhamishia mzigo. Kesho ataulizwa "mbona hukutumia mbinu?"

Dada_Ushauri
Ataulizwa na mjinga, na mjinga tunaye hata bila mafunzo. Ndiyo maana programu ile inaanza kwa kusema kosa ni la mtendaji, halafu ndiyo ngumi.

Kalamu_Nyekundu
Bado. Saa 12 kwa wanaume kuhusu ridhaa ziko wapi?

Dada_Ushauri
Hapo umenishika. Sina.

Mpita_Njia09
Mbona hamzungumzii wanaume wanaosingiziwa? Mafunzo yote upande mmoja.

Bwana_Vifungu
Tunazungumza. Tafiti nyingi zinaweka taarifa za uongo kati ya 2% na 10% ya zilizoripotiwa. Mwambie mwanafunzi namba hiyo bila kukwepa, kisha mweleze utaratibu: mtuhumiwa anapewa tuhuma kwa maandishi, anajibu, anakuja na msaidizi, anakata rufaa. Mvulana akijua atasikilizwa anaacha kubishana na mwezeshaji.

Na msisahau rushwa ya ngono, maana moduli nyingi zinaongelea sherehe na pombe tu, wakati tatizo liko ofisi ya alama. Tanzania lina kifungu chake, cha 25 katika sheria ya rushwa ya 2007. Kenya, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamgusa mwenye mamlaka anayesumbua kingono. Mwanafunzi aambiwe kwamba ahadi ya alama ni kosa hata kama hakuguswa.

Jongoo_wa_Hosteli
Ushahidi wake anautunzaje? Wanatumia ujumbe unaojifuta.

Mtaalamu_Mifumo
Apige skrinshoti mara moja, namba ya simu ionekane, siyo jina alilohifadhi yeye. Jina unaweza kumwandikia yeyote "Dokta Fulani", na utetezi utaanzia hapohapo. Tarehe na saa zionekane, na ujumbe wa juu na wa chini ubaki, asikate kipande kitamu tu. Simu ikiwa inamwonyesha jina pekee, afungue taarifa za mwasiliani apige picha ya pili. Asifute mazungumzo ya asili. Nakala moja aitume kwenye barua pepe yake. Asirushe kwenye grupu, hata kwa hasira.

Nesi_Mkunga
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyetaja saa. Mafunzo mengi yanaishia "toa taarifa" bila kusema mapema kiasi gani. Aliyebakwa afike kituo cha afya haraka: dawa za PEP za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, kila saa ina maana, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wengine huviita P2, vinafaa zaidi mapema. Mwisho ni saa 120. Aulizie chanjo ya homa ya ini B.

Asioge, asipige mswaki, asifue. Nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa plastiki unafuga unyevu, kuvu inaingia, vinasaba vinaharibika. Akiwa ameshaoga na kufua, AENDE HIVYOHIVYO. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu wanafunzi wakisikia "usioge" wanadhani aliyeoga amechelewa, wanabaki vyumbani.

Mzee_Busara
Na asiyepiga kelele? Wavulana watauliza.

Nesi_Mkunga
Waelezwe kuganda, Mzee. Mwili ukiona hatari unaweza kukimbia, kupigana au kuganda. Anayeganda hawezi kusogea wala kutoa sauti hata akitaka. Kimya si ridhaa. Wape dakika 10 hapo, msiharakishe.

Chaki_na_Ubao
Ongeza zoezi la shahidi. Watu wanajua "ingilia kati" wakidhani ni ugomvi. Wape njia tano na wazifanye kwa miguu, wawili wawili: kata mazungumzo kwa jambo lisilohusiana ("samahani, umeona simu yangu?"), mwite mwenye nguvu zaidi yako, rekodi kisha mpe aliyefanyiwa aamue yeye, mfuate baadaye umuulize hali, au kemea kwa sentensi moja fupi. Ile ya kwanza ndiyo wanayoitumia kweli, maana haihitaji ushujaa.

Jongoo_wa_Hosteli
Mimi ya kuulizia simu naiweza. Nitaulizia hata sufuria.

Kalamu_Nyekundu
Ulizia chochote, ila usimwage kitu, watu wanapenda kushauri "mwagia maji" halafu ngumi zinaanza.

Mtaalamu_Mifumo
Mimi naona marudio ndiyo yanakosekana. Dakika 20 kila muhula, kisa kimoja tu, ingetosha.

Dada_Ushauri
Leo ndiyo umesema neno, kaka. Na wiki sita za mwanzo zisipite bure, ndipo wapya hawajui mtu wala njia. Wanaosoma jioni nao wasisahaulike, ofisi zinafungwa kabla hawajafika. Namba za huduma zibandikwe ndani ya milango ya vyoo, vya wanaume pia, kwa vikaratasi vya kuchanika, mtu achane bila kuonekana.

Nesi_Mkunga
Na msibandike namba ya ofisi inayofungwa saa tisa na nusu. Mwekee anayepokea usiku, na mpigieni nyie kwanza saa sita mkaone kama anapokea.