Vikundi vya wanafunzi kusaidiana: nianzeje?

Mwalimu, Moshi: Wadau, darasani nina kijana asiyeona. Jirani yake wa dawati humsomea ya ubaoni na kumshika mkono kwenda chooni. Jirani akiugua, kijana hana mtu. Nataka shule nzima tuwe na vikundi.

Mzazi, Tengeru: Hongera mwalimu. Usimtwishe mtoto mmoja, wapeane zamu. Na muulize kijana mwenyewe anataka asaidiwe nini! Binti yangu ni kiziwi. Wenzake walijifunza lugha ya alama wakati wa mapumziko, siku hizi wanabishana naye kwa vidole.

Mstaafu: Wafundishe wasimvute mkono, yeye ndiye ashike kiwiko cha anayemwongoza. Chuo cha Ualimu Patandi huandaa walimu wa elimu maalumu, kaombe ushauri. Mkuu akisita, mwonyeshe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010.